Tundu la Kwanza: Nilivyojifunza Kupangia Leza Njia kwenye Mashine ya CNC

Kibao changu cha kwanza cha leza bado ninacho. Nimekipigilia ukutani, juu ya mashine, na kina vitu vitatu: jina la mdogo wangu lililoungua kwenye pembe za herufi, mstari mweusi uliokatiza kibao kutoka kona ya kushoto hadi jina linapoanzia, na tundu. Tundu lenyewe ni dogo, halizidi punje ya mtama, ila lilitokea upande wa pili na kuacha alama kwenye meza.

Wakati huo nilikuwa na miaka miwili na mashine ya CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Kuchonga mbao kwa spindo, ile mota inayozungusha kisu, nilikuwa nimekuzoea: unachora, unachagua kisu, programu inakupangia njia ya zana, unahifadhi faili, unawasha. Nilipofunga moduli ya leza ubavuni mwa spindo niliona nimepata kisu kingine tu, chembamba kuliko vyote, kisichogusa mbao. Basi nikachukua mchoro uleule wa jina niliokuwa nimeuandalia kisu, nikaiambia programu kwamba kisu sasa kina kipenyo cha milimita 0.2 na kina cha kuchonga ni sifuri. Nikavaa miwani ya kinga, nikampa mdogo wangu ya kwake, nikabonyeza.

Mwanga wa buluu ukawaka. Mashine ikatulia tuli.

"Kaka, mbona haitembei?"

"Inajipanga," nikamjibu.

Na kweli ilikuwa inajipanga. Uzi wa moshi ukapanda wima, ukazidi kuwa mnene, na nilipoinama kutazama, mashine ikaondoka kwa kasi kuelekea herufi ya kwanza huku leza ikiwaka njia nzima. Hapo tayari nilikuwa nimepata tundu na mstari. Pembe za herufi zilizoungua zilifuata zenyewe.

Jioni nikaifungua ile faili kwenye kihariri cha maandishi ya kawaida, jambo ambalo kwa miaka miwili sikuwahi kuona sababu ya kulifanya. Ndani kulikuwa na msimbo wa G, yaani amri za herufi na namba ambazo mashine huzifuata. Mistari ya juu ilikuwa na M3 S1000, kisha G4 P3. M3 ni amri ya kuwasha spindo, S1000 ni kasi yake yote, G4 P3 ni kusubiri sekunde 3. Programu ilikuwa inanifanyia hisani: spindo huhitaji muda kidogo ifikie kasi kabla ya kugusa mbao. Leza haihitaji muda wowote. Ikiambiwa nguvu yote, inatoa nguvu yote papo hapo, na kwa sekunde 3 ilikuwa inachimba sehemu moja. Baada ya hapo ikaja G0, mwendo wa haraka wa kuhama, ambao kwa kisu hauna neno kwa kuwa kisu kimeinuliwa juu ya mbao. Leza ukiinua milimita 5 bado inaunguza, tena kwa alama pana zaidi kwa sababu imetoka kwenye fokasi, yaani kimo ambapo mwanga hukusanyika kuwa nukta ndogo.

Nilikaa na ile faili muda mrefu, na hapo ndipo nilipoona nilikuwa naelewa kitu kinyume. Kisu kikisimama mahali pamoja hakiongezi kitu, mbao ikishaondoka imeondoka. Kinachoamua ni kisu kiko wapi. Leza ikisimama ndiyo kwanza inakata. Kinachoamua ni imekaa pale kwa muda gani. Ile njia niliyokuwa nimezoea kuiona kwenye skrini kama ramani ya mahali, kwa leza ni ratiba ya muda, na programu yangu haikuwa na sehemu ya kunionyesha ratiba hiyo.

Dawa ya tundu na mstari ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Kidhibiti changu kinatumia Grbl toleo la 1.1, programu inayosoma msimbo na kuendesha mota, na ndani yake kuna mpangilio unaoitwa $32. Ukiuweka kuwa 1, mashine inajua kwamba kilichofungwa ni leza: kila ikikutana na G0 inazima mwanga yenyewe, na leza huwaka kwenye G1, G2 na G3, miendo ya kukata, peke yake. Halafu kuna M4. Kwa spindo, M4 ni kuzungusha kinyume, na wengi wetu hatujawahi kuitumia. Kwa leza, M4 inaifanya mashine ipunguze nguvu kila inapopunguza mwendo. Ikiingia kwenye pembe ya herufi inabidi ifunge breki. Kwa M3 nguvu inabaki ileile, pembe inakaangwa. Kwa M4 nguvu inashuka pamoja na mwendo, na ikisimama kabisa, mwanga unazimika. Nikabadilisha M3 kuwa M4, nikafuta G4, nikafuta kila mstari wenye Z (mhimili wa kupanda na kushuka) isipokuwa ule wa kwanza unaoipeleka leza kwenye kimo chake. Kibao cha pili kikatoka na pembe safi. Siku hizi M3 naitumia pale tu ninapokata kupita upande wa pili.

Ila $32 ina kisasi chake, na mimi kilinipata. Wiki mbili baadaye nilirudisha spindo kazini bila kuikumbuka. Mashine ilianza vizuri, ikachonga mfereji wa kwanza, ikainua kisu na kuhama kwa G0. Kwa kuwa ilidhani imebeba leza, ikakata umeme wa spindo wakati wa kuhama. Kisu kilishuka kwenye mbao kikiwa kinazunguka kwa uvivu, na kilivunjika kwa sauti ambayo mtu haisahau. Sasa mstari wa $32=0 nimeuweka mwanzoni mwa utaratibu wangu wa kufunga spindo, sambamba na kukaza nati.

Kosa lililonipotezea siku nzima lilikuwa la kijinga zaidi. Nilitengeneza picha ya majaribio yenye vivuli kumi, kutoka asilimia 10 hadi 100, nikapata miraba miwili inayotofautiana na minane nyeusi tititi inayofanana. Nikasafisha lenzi. Nikabadilisha mbao. Nikashuku moduli imekufa nusu. Kumbe faili ilikuwa inaandika nguvu kwa kipimo cha 0 hadi 1000, na kidhibiti kwenye $30 kilikuwa kimewekwa 255 kama kilele. Chochote kilichozidi 255 kilihesabiwa kuwa nguvu yote. Upande wa pili wa kosa hilo ndio unaodanganya vizuri zaidi: faili ikiishia 255 na $30 ikiwa 1000, unapata robo tu ya nguvu, na mtu anaweza kuilaumu moduli yake mwezi mzima. Namba hizo mbili lazima ziwe sawa kabla ya kuhukumu kitu kingine chochote.

Vipimo vya kasi navyo viliniyumbisha. Programu moja ilizungumza milimita kwa dakika, nyingine milimita kwa sekunde. Nilinakili 50 kutoka sehemu moja kwenda nyingine na leza ikatambaa kama konokono, ikiacha mfereji wa mkaa. Ile 50 ya kwa sekunde ni 3000 ya kwa dakika. Nilipaswa kuandika F3000, F ikiwa ni herufi ya kasi ya mwendo.

Baada ya mistari nikaanza kujaza maumbo, na hapa ndipo kazi yenyewe ya kupanga njia ilipo. Kwa kisu, kujaza eneo ni kuzunguka kutoka nje kwenda ndani au kinyume chake. Nilijaribu hivyo na leza, na katikati ya kila umbo, pale mizunguko inapokuwa midogo, pakaungua zaidi. Kufyeka kwa mistari iliyonyooka, kwenda na kurudi, ndiko kunakofaa. Nilianza na nafasi ya milimita 0.1 kati ya mstari na mstari. Chukua umbo la milimita 100 kwa 60: ukifyeka kwa urefu unapata mistari 600, jumla ya milimita 60,000, yaani dakika 20 kwa kasi ya 3000. Ukifyeka kwa upana umbali wa leza ni uleule, lakini mistari inakuwa 1,000, na kila mwisho wa mstari mashine inasimama na kugeuka. Kugeuka mara 400 zaidi unakusikia kwa masikio. Tangu hapo nafyeka kwa upande mrefu, labda nyuzi za mbao ziwe na neno lao.

Tatizo la kufyeka ni kingo. Mashine haiwezi kufika kasi yake kwa kufumba na kufumbua. Huanza polepole, hushika kasi, hupunguza, hugeuka. Hata kwa M4 kingo zangu zilikuwa na utepe wa rangi tofauti, kwa sababu mbao haiungui kwa hesabu iliyonyooka: nusu ya nguvu kwa nusu ya kasi haileti rangi ileile kila mara. Tiba yake ni kuiacha leza ipite ukingo wa umbo ikiwa imezimwa, igeukie huko nje, irudi na kuufikia ukingo ikiwa tayari kwenye kasi kamili. Ni kiasi gani cha kupita? Hili unaweza kulihesabu. Kasi kwa kipeo cha pili, gawanya kwa mara mbili ya mchapuko, yaani kiwango cha mashine kuongeza kasi. Mashine yangu ina mchapuko wa milimita 250 kwa sekunde kwa sekunde, namba iliyo kwenye $120. Kwa kasi ya 50 kwa sekunde: 2,500 gawanya kwa 500, ni milimita 5. Kabla ya kufanya hesabu hiyo nilikuwa nimeweka milimita 2 kwa kukisia, na nilikuwa nashangaa kwa nini utepe umepungua tu badala ya kwisha. Angalizo moja: hizo milimita 5 zinahitaji nafasi halisi mezani. Niliwahi kuweka kibao ukingoni kabisa mwa meza, na mashine ikagonga mwisho wa reli ikitafuta uwanja wa kushika kasi.

Kisha nikaona kwamba herufi ndogo zina kingo za meno, kama msumeno. Mistari ya kwenda ilikuwa imeanza mahali pamoja na ya kurudi mahali pengine, kwa tofauti ya unywele. Sababu zinaweza kuwa mbili na tiba zake ni tofauti. Kama mkanda au skrubu ya mhimili ina mchezo, yaani imelegea, tofauti inabaki ileile kwa kasi yoyote. Kama leza inachelewa kuwaka baada ya kuamriwa, tofauti inakua kadiri unavyoongeza kasi: kuchelewa elfu moja ya sekunde kwa kasi ya 50 ni milimita 0.05 kila upande, na kwa kuwa pande zinapingana, jicho linaona 0.1. Nilichora mraba uleule kwa kasi tatu. Meno yalikuwa sawa kwenye miraba yote mitatu, kwa hiyo nikakaza mkanda na mambo yakaisha. Ungekuwa ule ugonjwa wa pili ningeweka fidia ndani ya programu, au ningefyeka upande mmoja tu na kukubali muda kuongezeka maradufu.

Picha ndizo zilizonipa somo nililolipenda zaidi. Mtu alinipa picha ya sura, nikaigeuza vivuli vya kijivu, pikseli moja kwa kila milimita 0.1, kila pikseli na nguvu yake. Nikaandika F3000. Mashine ikaanza kukwama kwama, kama gari linalovutwa na anayejifunza kuendesha. Nikapiga hesabu. Kasi ya 50 kwa sekunde juu ya pikseli za 0.1 ni pikseli 500 kila sekunde, na kila pikseli ni mstari mmoja wa msimbo wa G. Programu yangu ilikuwa inaandika kila mstari kwa ukamilifu, G1 X12.300 Y45.600 S450 F3000, herufi 30 ukihesabu na ile ya kumaliza mstari. Mara 500 ni herufi 15,000 kwa sekunde. Waya wa USB ulikuwa unazungumza na kidhibiti kwa biti 115200 kwa sekunde, ambayo kwa vitendo ni herufi 11,520 kwa sekunde. Mashine ilikuwa inakula haraka kuliko inavyopakuliwa.

Nikaifupisha mistari. Kidhibiti hukumbuka amri iliyopita, hakuna haja ya kurudia G1 wala Y wala F, X12.3S450 inatosha, herufi 10. Kukwama kukaisha. Nikajipongeza mapema, maana nilipoweka saa niligundua kwamba picha inachukua karibu muda maradufu wa niliotarajia. Mashine ilikuwa laini, lakini haikuwa inafika 3000 hata kidogo.

Hili lilinichukua siku kadhaa kulielewa. Grbl hupanga mwendo wake kwa kutazama foleni ya mistari kama 16 iliyo mbele, na haikubali kwenda kasi ambayo haitaweza kusimama ndani ya foleni hiyo, kwa sababu haijui kama kuna kitu baada yake. Mistari 16 ya milimita 0.1 ni milimita 1.6 tu. Kwa mchapuko wa 250, kasi inayoweza kusimama ndani ya milimita 1.6 ni kama 28 kwa sekunde, yaani karibu 1,700 kwa dakika. Ningeandika F3000 au F30000, mashine ingeenda 1,700. Na vivuli vilitoka sawa kwa vile tu M4 ilikuwa inashusha nguvu kimyakimya kufuata mwendo halisi. Kwa M3 picha nzima ingekuwa mkaa, na mimi ningelaumu picha.

Siku hizi picha za vivuli naziandikia F1500 waziwazi, nguvu nikiipima kwa kasi hiyohiyo. Au nazigeuza kuwa nukta nyeusi na nyeupe tupu, zilizotawanywa kwa njia ya Floyd na Steinberg ya mwaka 1976, ambapo kosa la kila pikseli linagawiwa majirani zake. Mbao nyingi hazina vivuli vingi vya kutoa hata hivyo. Nukta zinalidanganya jicho vizuri kuliko mbao inavyoweza kujitahidi kuwa ya kijivu.

Ugonjwa unaofanana na huo hutokea kwenye michoro ya mistari. Programu zangu huvunja mikunjo kuwa vipande vidogo vilivyonyooka, na ukiomba usahihi wa milimita 0.01 unapata maelfu ya vipande visivyo na faida, kwa sababu nukta ya leza yenyewe ni nene mara kumi ya hapo. Nimeweka 0.05 na sijawahi kuona tofauti kwenye mbao, ila naisikia kwenye mota: zimeacha kunguruma kwenye mikunjo.

Fokasi haina mambo mengi. Niliegemeza kibao cha milimita 100 upande mmoja ukiwa juu kwa milimita 10, nikachora mstari mmoja kwa kimo kilekile kutoka mwanzo hadi mwisho, nikatafuta ulipokuwa mwembamba zaidi. Kila milimita 10 za mstari ni milimita 1 ya kimo. Nikakata kigingi cha mbao chenye kimo hicho, na hadi leo nakiweka chini ya moduli, naishusha hadi iguse, nakaza, nakitoa. Umbali kati ya leza na spindo nilioupima kwa kutoboa nukta kwa kisu cha V kisha kuisogeza leza hadi mwanga uingie ndani ya nukta, nimeuhifadhi kwenye G55, na G54 nimeiachia spindo; hizo ni sehemu mbili ambazo mashine hukumbuka sifuri ya kazi. Kazi moja inaweza kuchongwa kwa kisu na kumaliziwa kwa leza bila kuondoa kibao mezani.

Kuhusu macho na mapafu sina mzaha. Hizi moduli za buluu hutoa mwanga wa takriban nanomita 450, na mwako unaorudi kutoka kwenye skrubu inayong'aa unatosha kuharibu jicho, kwa hiyo miwani ninayovaa ni ile iliyoandikwa urefu huo wa wimbi juu yake, hata kwa jaribio la sekunde mbili. Plastiki ya PVC haipandi meza yangu: ikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, mbaya kwa mtu na kwa chuma cha mashine. Na siondoki chumbani leza ikiwaka. Niliwahi kwenda mlangoni tu kumwitikia mtu, nikarudi nikakuta ulimi wa moto kwenye plaiwudi, mdogo, umetulia kama mshumaa.

Mdogo wangu alikuja mwezi uliopita, nikamchorea kibao kipya, jina ndani ya fremu ya mstari mmoja. Alikigeuza geuza mkononi, akakisogeza dirishani.

"Kaka, hizi pande mbili mbona nene?"

Nikatazama. Mistari ya kulala ilikuwa minene, ya wima myembamba, na mimi nilikuwa nimechora fremu kama hiyo mara nyingi bila kuona. Nukta ya moduli yangu si duara, ni mstatili mdogo, urefu wake unaelekea mhimili wa Y. Leza ikienda kwa X inapiga rangi kwa upande wake mpana, ikienda kwa Y inapita kwa ncha. Nilianza kumweleza kwamba ningeweza kuchora ile mistari ya wima mara mbili, ya pili ikiwa imesogezwa kwa milimita 0.1. Akanikatiza, akasema anakipenda hivyohivyo, kinafanana na mwandiko wa kalamu ya mwanzi. Akakitia kwenye mfuko.